Zimedoda au Zimeadimika? Mwanafunzi wa Kiswahili Mbele ya Jopo la Usaili

Ni ada ya watu wengi, hata miongoni mwa jamaa wanaotulipia karo, kudhani kwamba anayesomea Kiswahili chuoni ana mlango mmoja tu wa riziki, nao ni mlango wa darasa. Akiukosa huo, basi hana budi kurudi nyumbani akashike jembe. Sina nia ya kurudia hapa hoja ambazo wanachama wenzangu wamekwisha kuziandika mara nyingi kuhusu tafsiri, ukalimani, utangazaji na uhariri. Nia yangu ni kulijadili swali moja tu la mahojiano ya kazi, swali lililonishinda mimi mwenyewe, na ambalo naamini lingewashinda wengi wetu kwa sababu ile ile iliyonishinda mimi.

Mwaka wa 2016, miezi michache baada ya kuhitimu, niliitwa na kampuni moja karibu na Ruiru ili nihojiwe kwa nafasi ya msaidizi wa meneja wa bidhaa. Jina la kampuni halina umuhimu hapa. Kwa msomaji asiyeifahamu kazi hiyo, meneja wa bidhaa si mchuuzi wala si mhasibu. Huyu hukabidhiwa bidhaa moja, iwe ni mche wa sabuni au programu ya simu, akaisimamia tangu inapobuniwa hadi inapofika mkononi mwa mnunuzi. Hutakiwa ajue ni nani anayeinunua, anainunua kwa nini, na ni jambo gani litakalomfanya aiache. Bidhaa ikiacha kwenda, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Ndiyo maana majopo ya usaili wa kazi hii, huku kwetu na huko Marekani ilikoshamiri, hupenda swali la namna moja: mauzo yameanguka ghafla, utaitafutaje sababu?

Jopo langu lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliniuliza kwa Kiingereza, nami nayaleta maneno yake kwa lugha yetu: "Tuseme tunauza mishumaa. Mwezi uliopita mauzo yetu mjini Thika yalishuka kwa asilimia 20. Utaanzia wapi?"

Nilifurahi, maana swali lilikuwa mteremko. Niliketi wima nikaanza kumimina kama nilivyozoea kumimina katika chumba cha mtihani. Mosi, umeme umesambazwa hadi vijijini. Pili, taa za sola zimekuwa nafuu. Tatu, hali ya uchumi ni ngumu. Nne, ushindani kutoka kwa mishumaa ya bei ya chini. Tano, matangazo hafifu. Nilikuwa nimefika sababu ya saba kabla ya kupumua, na nakiri kwamba nilijipa alama za juu.

Mama yule alingoja nimalize. Kisha akauliza, "Huo umeme uliingia Thika mwezi uliopita?" Nikasema la, umekuwa ukiingia kidogo kidogo. "Na hali ya uchumi iliharibika mwezi uliopita?" Nikanyamaza. "Na mishumaa yenyewe, ilikuwako madukani?" Hilo halikuwa limenijia kamwe. Hakuwa mtu wa kejeli. Alisema tu kwamba nilikuwa nimezungumza kwa dakika sita bila kuwauliza swali hata moja.

Nimelitafakari jibu langu kwa miaka kadhaa sasa, na nimeshawishika kwamba halikutokana na kutojua biashara. Lilitokana na kusoma. Tangu shule ya msingi hadi chuoni tumefunzwa kwamba swali lenye neno "sababu" hujibiwa kwa orodha. "Jadili sababu sita za kudorora kwa ushairi wa Kiswahili." Alama 20, na mwanafunzi mjanja huandika sababu nane ili mbili zikikataliwa, sita zibaki. Hakuna anayemwuliza kama kweli ushairi umedorora, umedorora tangu lini, wapi, na kwa kipimo gani. Je, ni diwani zinazochapishwa zilizopungua, au ni wasomaji wa diwani hizo, au ni mashairi yanayotumwa magazetini? Tunaukubali msiba kabla ya kuona maiti. Walimu wangu wanisamehe kwa kusema hivi, kwani mimi mwenyewe nimevuna alama nyingi katika shamba hilo hilo.

La ajabu zaidi ni kwamba lugha ninayoisomea ilikuwa imenikabidhi ufunguo wa swali lile, nami nikauacha mfukoni. Kiingereza cha mwenyekiti kilikuwa na kitenzi kimoja tu. Kiswahili kina vingi, wala si visawe. Bidhaa ikidoda, ipo. Imejaa rafuni inaota vumbi, na asiyefika ni mnunuzi. Bidhaa ikiadimika, mnunuzi yupo na pesa anazo mkononi, ila bidhaa ndiyo haionekani. Katika daftari la kampuni hali hizi mbili hufanana kama shilingi kwa ya pili, maana zote ni tarakimu iliyopungua. Lakini tiba ya moja ni sumu ya nyingine. Iliyododa yaweza kupunguziwa bei ikaondoka. Ukiipunguzia bei iliyoadimika, umeitupa faida yako na rafu ingali tupu vile vile.

Halafu kuna kudorora, ambako ni kufifia kwa muda mrefu, na kuna kuporomoka, ambako kuna tarehe na pengine hata saa. Anayesema "yamedorora" ahesabu miaka. Anayesema "yameporomoka" atafute siku. Umeme na taa za sola hudororesha mauzo ya mishumaa. Haviwezi kuyaporomosha kwa mwezi mmoja. Laiti ningaliitafsiri ile sentensi ya mwenyekiti moyoni kabla ya kufungua kinywa, sababu zangu mbili za kwanza zingekufa papo hapo.

Mji wa Thika, ambao watu walizoea kuuita Birmingham ya Kenya kwa wingi wa viwanda vyake, umeyaonja yote mawili. Viwanda vya nguo vilidorora katika miaka ya 1990, baada ya soko kufunguliwa na mitumba kuingia kwa wingi, na jambo hilo lilichukua miaka. Biashara ya mifuko ya plastiki, kwa upande wake, iliporomoka siku inayojulikana. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya kitaifa ilianza kutekelezwa, na aliyepatikana na hatia alikabiliwa na faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Tangazo lilikuwa limetolewa miezi sita kabla. Meneja aliyeduwaa siku hiyo hakuwa msomaji wa Gazeti Rasmi la Serikali.

Neno "mauzo" lenyewe lahitaji kuhojiwa kabla ya kitenzi chake. Asilimia 20 ya nini? Ya idadi ya pakiti, au ya shilingi zilizoingia? Kampuni nyingi huhesabu kwamba imeuza pindi lori linapoondoka ghalani kwenda kwa muuzaji wa jumla, si pale mama wa nyumbani anapolipa kioskini. Baina ya matukio hayo mawili zaweza kupita wiki tatu. Tuseme kumekuwa na uvumi kabla ya bajeti ya Juni kwamba bei itapanda. Wauzaji wa jumla watajaza maghala yao mwezi wa Mei, halafu Juni na Julai hawatanunua kitu. Daftari litalia, ilhali walaji hawajabadilika hata kidogo. Mauzo hayakupotea, yalitangulia.

Hapa ndipo kisa cha Nakumatt kinapofaa. Kwa miaka mingi hii ilikuwa supamaketi iliyotajwa mbele ya zote nchini, nayo ilifikisha zaidi ya matawi 60 katika Afrika Mashariki. Mwenye kusafiri kutoka Thika kwenda Nairobi alilikuta tawi lake ndani ya Thika Road Mall. Mnamo 2017 madeni yaliilemea. Wasambazaji walikosa kulipwa, wakaacha kupeleka bidhaa, rafu zikabaki wazi, matawi yakafungwa moja baada ya jingine, na mwanzoni mwa 2018 ikawekwa chini ya msimamizi. Sasa jifanye wewe ndiwe meneja wa majani ya chai ambayo sehemu kubwa ya mauzo yake ilipitia rafu hizo. Jedwali lako la katikati ya 2017 linasema umeanguka. Je, Wakenya wameacha kunywa chai? La hasha. Ukiyatenga mauzo ya supamaketi hiyo na ya maduka mengine, utaona kwamba kwingine kote hayajatikisika. Chai yako haikudoda, iliadimika, na iliadimika mahali pamoja.

Hata hivyo, meneja asijipongeze mapema. Mnunuzi aliyeikosa chai yake Nakumatt alikwenda dukani kwingine. Huko huenda aliikuta, na huenda alikuta ya mwenzako, akaionja, akaizoea. Miezi sita baadaye chai yako imerudi rafuni pa Carrefour, iliyochukua nafasi ya Nakumatt katika jumba lile, lakini yule mnunuzi harudi. Kuadimika kukiachwa kwa muda huzaa kudoda. Ndiyo maana jibu la "lini" lazima liulizwe upya kila mwezi, wala halitoshi kuulizwa mara moja.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa bia, na wasomaji wasiokunywa wanivumilie. Mwaka wa 2004 kampuni ya East African Breweries, ambayo makao yake yako Ruaraka kando ya barabara hii hii ya Thika, ilianza kuuza Senator Keg. Ilikuwa bia ya mapipa, ya kuuzwa kwa kikombe, kwa bei ambayo kibarua wa mashamba ya kahawa ya Ruiru aliweza kuimudu. Bei hiyo haikuwa muujiza. Serikali ilikuwa imekubali kuisamehe ushuru ili watu wa kipato cha chini wapate kinywaji salama, waache chang'aa na pombe nyingine za vichochoroni zilizokuwa zimewaua na kuwapofusha wengi. Senator ikashika. Baadaye ikawa inatengenezwa kwa mtama, na wakulima wa sehemu kavu wakapata soko la uhakika.

Mwezi wa Oktoba 2013 mauzo hayo yaliporomoka, yakapungua kwa zaidi ya nusu. Tujiweke mbele ya jopo. Mtahiniwa wa aina yangu angeanza kwa kuitaja sheria ya vileo ya 2010, ile iliyobandikwa jina la Mututho, ambayo ilizuia baa kufunguliwa kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi. Ni kweli sheria hiyo ilibana unywaji. Lakini kufikia Oktoba 2013 ilikuwa na umri wa miaka mitatu, na Senator ilikuwa ikiuzwa chini yake siku zote hizo. Angeendelea kwa kutaja serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka huo wa 2013 na kukabidhiwa utoaji wa leseni za baa. Hoja hii ina nguvu kidogo, kwa kuwa mwaka unawiana. Lakini masharti ya leseni yangeziumiza vile vile bia za chupa zinazouzwa katika baa hizo hizo, nazo hazikuporomoka kwa kiasi hicho. Labda angetaja ushindani. Mshindani gani huyo azukaye katika kila kijiji cha nchi kwa usiku mmoja?

Ukiuliza ni kitu gani kilibadilika Oktoba, tena kwa Senator peke yake, orodha yote inanyauka na kubaki jambo moja. Mwezi huo Serikali iliupunguza msamaha wa ushuru kwa nusu. Bei ya kikombe ikapanda, na mnywaji wake hakuwa na shilingi za kuongeza. Huu ndio uchunguzi, na haukuhitaji shahada ya biashara. Ulihitaji kalenda, na kulinganisha kinachofanana na kisichofanana, kazi ambayo mwanafunzi yeyote wa isimu ameifanya alipozitafuta jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu.

Lakini kazi haijaisha hapo, kwa maana swali linalofuata ndilo zito. Mnywaji alikwenda wapi? Jedwali la mauzo haliwezi kusema. Linamwonyesha aliyeondoka, halionyeshi alikohamia. Hazina ya Taifa ilitarajia kwamba angebaki na kulipa, ikasahau kwamba ushuru hutozwa kwenye kinachouzwa, na kilichododa hakilipi kitu. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika Embu, Kitui na sehemu nyingine baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Sisemi kwamba waliokufa ni wale walioiacha Senator. Hilo lingekuwa kurudia kosa langu la Ruiru, la kuyafunga pamoja mambo mawili kwa kuwa tu yamefuatana. Nisemacho ni kwamba hatari hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya kuisamehe bia ile mwaka wa 2004, na waliokata msamaha mwaka wa 2013 hawakuonekana kuikumbuka. Anayechunguza anguko la mauzo kana kwamba ni hesabu tupu anaweza kuwa anahesabu watu bila kujua.

Mwaka wa 2015 nafuu ile ya ushuru ilirejeshwa kwa sehemu kubwa. Mauzo yakainuka, hata mnamo 2017 kampuni ikatangaza ujenzi wa kiwanda Kisumu kwa ajili ya Senator hasa. Sijui uthibitisho ulio bora kuliko huo: iondoe sababu, kisha utazame kama tokeo linaondoka nayo.

Kuna mtego mwingine ambao wahadhiri wanaosoma kurasa hizi waliutega wenyewe bila kukusudia. Mtahiniwa hufunzwa kwamba asilinganishe mwezi huu na uliopita pekee, bali aulinganishe na mwezi kama huo mwaka uliotangulia, ili msimu usimdanganye. Ni ushauri mwema. Twende nao basi hadi Juja, kwenye vibanda vya chapati vinavyotegemea wanafunzi wa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta. Mwaka wa 2017 mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma ulianza Januari ukaisha Machi. Mwaka wa 2018 mwingine ulianza Machi ukaendelea hadi Mei. Mwenye kibanda akiulinganisha Februari wa 2018 na Februari wa 2017 ataona neema, na atakimbilia kuongeza meza. Akiulinganisha Aprili na Aprili ataona balaa, na atamfukuza mpishi. Chapati ni zile zile. Kipimo kinaweza kuwa sahihi na mahali pa kusimama pakawa pabaya. (Sitaki nieleweke kwamba napinga migomo ya walimu wangu, nawaonea huruma tu wapishi.)

Na zipo nyakati ambapo sababu iko mbali sana na bidhaa hata huwezi kuiona ukiwa Thika. Nje kidogo ya mji kuna mashamba ya mananasi ya Del Monte, ambayo mazao yake huuzwa Ulaya. Mwezi wa Juni 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza, likishirikiana na shirika la waandishi wapelelezi, lilichapisha madai kwamba walinzi wa mashamba hayo waliwapiga na hata kuwaua watu walioshukiwa kuiba mananasi. Kampuni ilisema kwamba imeyachukua madai hayo kwa uzito na kuanzisha uchunguzi. Supamaketi za Tesco zilisitisha oda. Meneja ambaye angeitwa siku hiyo aeleze anguko la oda angeweza kupima sukari ya tunda, unene wa bati na usafi wa mitambo, asione kasoro yoyote. Nanasi la Juni lilikuwa tamu kama la Mei. Walaji wala hawakulikataa wao kwanza. Mwenye duka alilikataa kwa niaba yao. Jambo lililobadilika lilikuwa maelezo yanayoandamana na nanasi, na la kuhuzunisha ni kwamba wenyeji wa vijiji vinavyopakana na mashamba walikuwa wamelalamikia walinzi muda mrefu kabla jedwali lolote la mauzo halijalalamika.

Msomaji ataniuliza: ikiwa ni hivyo, si tukariri tu hatua za uchunguzi? Vitabu na mafunzo ya mtandaoni yanayofundisha hatua hizo yamejaa tele. Fafanua kipimo, hakikisha tarakimu si kosa la kompyuta, ligawe soko kwa maeneo na kwa wateja, tazama yaliyobadilika ndani ya kampuni, kisha tazama ya nje. Sizikatai hatua hizi. Niliajiriwa hatimaye kwingine katika kazi kama ile niliyoikosa, na sasa huketi upande wa pili wa meza mara mbili tatu kwa mwaka. Wengi wanaokuja mbele yangu wamezikariri barabara. Yupo kijana mmoja niliyempa kisa cha programu ya simu ya kuagizia vyakula, nikamwambia kwamba wateja wanachagua chakula kama kawaida, wanakiweka kapuni, ila hawafiki mwisho. Nilitarajia aulize juu ya malipo, yaani kama M-Pesa ilikubali au ilikataa. Yeye akasema, "Asante. Sasa nije kwenye washindani," kwa sababu washindani ndio waliokuwa hatua inayofuata katika kumbukumbu yake. Sababu zangu saba zilikuwa zimerudi zikiwa zimevaa suti.

Upungufu ni wa kusikiliza. Na hapa nasimama kidete upande wa Kiswahili, kwa kuwa tunayo mafunzo mawili ambayo wenzetu wa biashara hawana. La kwanza ni tahakiki. Mhakiki mzuri hasemi mhusika ni mlafi mpaka aonyeshe ni wapi katika matini amekula. La pili ni kazi ya nyanjani ya fasihi simulizi. Tumetumwa vijijini na kinasa sauti, tukaketi na wazee, tukajifunza kwamba mzee haulizwi "Toa sababu tano". Anaamkiwa, anaulizwa habari za mvua na mifugo, kisha anaachwa aseme, na jambo kubwa hulisema wakati umekwisha kuzima kinasa sauti. Ujuzi huo ndio unaohitajika mbele ya mwenye kioski wa Makongeni, ambaye anajua kwa nini pakiti hazitoki, lakini hajaulizwa na mtu. Tena ataeleza kwa Kiswahili, na kile anachokieleza hakimo katika tarakimu zozote zinazopelekwa afisini.

Ombi langu kwa idara zetu ni dogo. Katika kila karatasi ya mtihani liwemo swali moja ambalo halina sababu sita. Mwanafunzi apewe dai, kwa mfano kwamba usomaji wa riwaya za Kiswahili umeanguka, na aambiwe aandike maswali ambayo angeyauliza kabla ya kulikubali, na aeleze jibu la kila swali lingempeleka wapi. Alama zitolewe kwa maswali. Najua ugumu wa kusahihisha mtihani wa namna hiyo, hasa mhadhiri akiwa na karatasi 300 mezani, na orodha husahihishwa upesi kuliko fikra. Lakini ugumu huo umekuwa ukilipwa na sisi tunaotoka hapo na kwenda kuketi mbele ya watu watatu huko Ruiru. Chama chetu nacho kingeweza kuacha kidogo midahalo ya "Je, Sheng inaua Kiswahili?" na badala yake kituulize: ameuawa nani, lini, na nani aliyemwona?

Kuhusu mishumaa, niliinuka siku ile nikijua kazi nimeikosa. Nikiwa nimeshika kitasa cha mlango nikageuka nikauliza swali langu la kwanza kwa siku nzima: je, kisa kile kilikuwa cha kweli? Mama akacheka, akasema ndiyo, kilitokea. Kampuni ilikuwa imebadilisha katoni, kutoka ile ya pakiti 24 hadi ya pakiti 48. Kwa kila mshumaa bei ilikuwa imepungua, na afisini wote waliona wamefanya jambo la maana. Lakini wenye vioski wa Kiandutu, wanaouza mshumaa mmoja mmoja, hawakuwa na pesa za kununua katoni nzima ya pakiti 48 kwa mara moja. Wakaacha kuinunua, na wateja wao waliokuwa wakiiulizia kila jioni wakauziwa ya kampuni nyingine.

Nikamwuliza ni nani aliyeigundua sababu hiyo.

"Dereva wa lori," akasema.

Nikauliza aliigunduaje.

"Aliwauliza."